Karasha na Masomo ya Kaka Yangu

Likizo iliyopita nilipofika kwetu Makongolosi, wilaya ya Chunya, nilimkuta kaka yangu amekwisha kurudi kutoka chuo kikuu, wala hana furaha. Yuko mwaka wa kwanza, anasomea kompyuta. Jaribio la kuandika programu kwa lugha ya Java lilikuwa limemshinda. Usiku, tulipokwisha kula, alimwambia baba kwamba amekusudia kuacha masomo. Mama alinyamaza kimya. Sote tulijua kuwa ng'ombe wetu wawili waliuzwa kwa ajili ya karo ile.

Baba hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, neno gani linakushinda?"

"Klasi na objekti, baba. Tuliandikiwa maana zake ubaoni nikazikariri, lakini sikuzielewa."

Asubuhi baba alituchukua mpaka kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Akamwambia kaka atazame, kisha aeleze. Kaka alitazama kwa muda mrefu. Hatimaye alisema, "Fundi wa kuchomelea ana mchoro mmoja, huo ndio klasi. Kwa mchoro huo ameunda makarasha matatu. Hayo ndiyo objekti. Kila moja lina mawe yake, na moja likisimama, mengine huendelea kusaga."

"Na mtu akitaka mawe yake yasagwe?"

"Atayatia mdomoni mwa karasha, na mashine itawashwa. Hatatia mkono ndani."

Hapo baba aliinua mkono wake wa kulia, wenye vidole vitatu. Viwili vilikatwa na karasha kabla sijazaliwa. "Hilo mimi nililijua kwa kuchelewa," akasema.

Kaka aliinama, kisha akasema polepole, "Ndivyo ilivyo katika programu, baba. Ya ndani ya objekti hayaguswi ovyo. Huombwa kazi kwa mlango wake."

Baadaye nilisoma kwamba Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei, waliotunga lugha ya Simula miaka ya 1960, walitaka kompyuta iweze kuiga mambo ya ulimwengu. Basi si ajabu kaka kufahamu mbele ya karasha yale yaliyomshinda ubaoni.

Kaka amerudi chuoni. Atafanya mtihani tena, na matokeo bado hatujayapata. Lakini mimi, nikijaliwa kuwa mwalimu, nitawaonyesha wanafunzi kitu kwanza, ndipo niwape jina lake.