Majina Niliyoandika

Mwaka 1997, nikiwa mwenyekiti wa kitongoji wilayani Kasulu, niliandika majina ya majirani zangu wenye asili ya Burundi nikawakabidhi wanajeshi waliokuja na msako. Hakuna aliyenishikia bunduki. Niliulizwa tu, "Warundi wako ni akina nani?" Nikaorodhesha kaya kwa kaya, kwa mwandiko mzuri.

Nitasema nilichokuwa nikifikiri, si kwa kujitetea. Mwaka 1973, nikiwa shule ya msingi, ndege za jeshi la Burundi zilivuka mpaka na kushambulia vijiji vya Kigoma. Watanzania waliuawa, na waliowaua ni majirani tuliokuwa tukiwaita ndugu. Makuli wa bandarini Dar es Salaam na Kigoma waligoma kugusa mizigo ya Burundi. Rais Mobutu wa Zaire akaingia kati kumpatanisha Rais wetu Nyerere na Rais Micombero wa Burundi, Burundi ikakubali kulipa fidia. Wakubwa wakamalizana. Mimi nilikua na hofu yangu, kwamba alipo Mrundi na bomu halipo mbali.

Julai 1996 Buyoya alipindua serikali ya Burundi, nchi za kanda zikaiwekea vikwazo. Bujumbura ikadai waasi wanatokea makambini kwetu, sisi tukakanusha. Majeshi yalipoanza kutazamana mpakani, niliamini kwamba tukiwaondoa hawa, vita haitavuka mto Malagarasi.

Jina la tatu lilikuwa la fundi aliyefyatua na kuchoma matofali ya nyumba ninayolala hadi leo. Alikimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi akiwa kijana, akaoa Muha mwenzetu. Kirundi chake na Kiha changu havikuhitaji mkalimani. Mwaka 1973 alilala porini pamoja nasi, akizikimbia ndege zilezile. Hilo nililijua wakati naandika. Niliwaogopa waliorusha mabomu, nikamtoa mtu aliyekuwa akikimbizwa nao.

Walimkuta shambani akipanda mahindi, mbegu bado zimo kwenye kikapu kiunoni. Akanigeukia: "Mwenyekiti, si uwaambie?" Nikanyamaza. Alipandishwa lori pamoja na bintiye mkubwa, wakapelekwa kambi ya Mtabila. Mke na wadogo wakabaki.

Baadaye wakimbizi wa 1972 waliokuwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia, zaidi ya 160,000. Fundi naye alikuja mwaka uleule, ila alipokewa kijijini kwetu, si kwenye makazi yale, hivyo hakuwamo. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012 alirudishwa Burundi, akafia huko.

Kuna jambo ambalo hata mke wangu sikuwahi kumwambia waziwazi. Shamba la fundi lilipogawanywa, nilichukua ekari moja. Nimevuna humo miaka mingi, nikasomesha watoto kwa maharage yake.

Mwaka jana nilikwenda Kibondo, alikoolewa yule binti. Nilimweleza yote, kuanzia orodha hadi ekari. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Baba alijua. Kambini hakuwahi kulitaja jeshi, alikuwa anakutaja wewe."

Tuliandikishiana kurudisha ekari ile mbele ya mashahidi wawili. Nilipoomba msamaha alijibu kwamba shamba atalipokea kwa ajili ya mama yake, ila nisifike tena nyumbani kwake. Sijarudi.