Reli Iliyokatwa Vibaya

Wengi wenu mliokuja Siku ya Wazazi mliiona treni ndogo ya umeme ikizunguka juu ya meza katika karakana ya shule yetu, mkaipigia makofi. Leo napenda kuwaeleza jambo ambalo hamkuliona, maana nusura treni ile isitembee, na kosa lilikuwa langu.

Treni hiyo ni mali ya rafiki yangu wa Kidato cha Tatu. Aliachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa reli. Upana wa njia yake ni milimita 16.5. Mwalimu wetu wa ufundi alituambia tuzidishe kwa 87, tukapata milimita 1,435 na nusu, karibu sawa kabisa na njia ya treni za umeme zilizoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Tangu siku hiyo hatukuiona tena kuwa ni mchezo wa watoto.

Tulipounganisha vipande vyote, mzunguko ulibaki na pengo la sentimita 6. Kipande cha akiba kilikuwa kimoja tu, cha sentimita 13. Rafiki yangu alinikabidhi nikikate, akaenda kula. Mimi niliona uvivu kutafuta msumeno, nikashika koleo la kukatia waya, nikabana kwa nguvu zangu zote. Reli zilikatika, lakini ncha zilibonyea, na moja ikawa ndefu kuliko mwenzake. Nikakipachika hivyo hivyo. Jioni kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alipoiendesha treni, kichwa kiliacha reli kikaanguka sakafuni. Wote wakamkemea kwa kuiendesha mbio. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza.

Usiku sikupata usingizi. Asubuhi nikamwendea Mwalimu, nikasema kweli mbele ya rafiki yangu na yule kijana, nikawaomba radhi. Rafiki yangu hakunijibu neno. Alikiokota kipande kilichobaki, akakipima: sentimita 7, na ncha moja imebonyea. Tulikuwa na nafasi moja tu.

Mwalimu akaweka vifaa vitatu mezani. Cha kwanza, koleo maalumu la reli. Hilo hukata upesi, na upande mmoja wa makali yake ni bapa. Upande huo huelekezwa kwenye kipande unachokitaka, na ule unaobonyeza huelekezwa kwenye cha kutupa. Langu la waya lilibonyeza pande zote mbili. Cha pili, mashine ya mkono yenye kisahani cha kukatia. Hiyo hufaa sana kwa reli iliyokwisha kupigiliwa mahali pake, ila joto lake huweza kuyeyusha mataruma ya plastiki, tena haishikwi bila miwani ya kukinga macho, kwani kisahani huweza kuvunjika na vipande vikaruka. Cha tatu, msumeno mdogo wenye meno madogo sana. Huo ni wa polepole, lakini haubonyezi. Huondoa unga kidogo kidogo.

"Chagua," akaniambia. Nikachagua msumeno, kwa kuwa hatukuwa na kipande kingine cha kuharibu.

Tulichora alama kwa guni, ikapita juu ya reli zote mbili. Tukakibana kipande katika jiliwa kati ya vibao viwili, karibu kabisa na alama, ili reli zisitikisike na kung'oka kwenye mataruma. Rafiki yangu alishika vibao, mimi nikakata bila kukandamiza. Kisha tukapitisha tupa nyembamba kuondoa makombo, hasa upande wa ndani, ambako ukingo wa gurudumu hupita. Tulipoweka guni tena, mwanga haukupenya popote. Hapo ndipo rafiki yangu akacheka.

Mbele yenu siku ile, aliyeiendesha treni ni yule kijana wa Kidato cha Kwanza, na haikuacha reli hata mara moja. Kipande nilichokiharibu ninacho ndani ya sanduku langu la bweni. Kila ninapotamani njia ya mkato, hukitoa nikakitazama.