Bibi Anayetengeneza Picha kwa Migomba

Mwezi huu sisi wa familia nne tunaochota maji bomba moja hapa Nyarugusu tunapenda kuwapa habari za jirani yetu, bibi mmoja kutoka Kivu ya Kusini. Hana rangi wala brashi, lakini anatengeneza picha.

Vifaa vyake viko uani. Mgomba, kama tunavyojua, huzaa mkungu mmoja tu, halafu unakatwa na machipukizi yanashika nafasi yake. Shina lile sisi tunatupa. Yeye analibandua ganda moja moja na kulianika. Yakikauka, maganda ya nje yanakuwa ya kahawia, mengine karibu meusi, na ya ndani meupe kama nyasi kavu. Anakata kwa wembe na kubandika juu ya katoni. Anaongeza udongo mwekundu wa hapa kambini, jivu, vumbi la makaa, mbegu na maganda ya mayai. Tawi bichi hakati. Anasema mti uliosimama una kazi yake.

Gundi ndiyo ilileta maneno. Ni unga wa muhogo: unakoroga kijiko kimoja katika maji baridi, unamimina maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka iwe nzito na kung'aa. Mgao ulipopunguzwa, mama mmoja wa hapa kwetu akauliza, "Watoto wanalala na njaa, na chakula kinabandikwa kwenye katoni?" Bibi hakukasirika. Alituletea kikopo chake. Ulikuwa unga wa kufagia chini ya mashine ya kusaga, umejaa mchanga. "Huu hakuna mtu angeula, wanangu. Nauchekecha, na mchanga wake nautumia vilevile." Basi tukacheka, maneno yakaisha.

Picha yake kubwa ilikuwa ya Ziwa Tanganyika usiku. Vumbi la makaa ndilo giza, udongo ndiyo milima ya upande wetu, na vipande vidogo vya maganda ya mayai ndizo taa za wavuvi wa dagaa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto wetu wamezaliwa humu, ziwa hawajaliona, maana kutoka nje kunataka kibali. Mbele ya picha ile waliuliza maswali ambayo sisi wazazi hatukuwahi kuulizwa. Taa za nini? Dagaa hufuata mwanga. Mbona hakuna mwezi? Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Na huyu samaki? Sisi tunamwita mukeke, watu wa Kigoma wanasema mgebuka, ni huyo huyo. Kina chake je? Hapo mwalimu wetu mmoja alisaidia: kama mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi. Watoto wakanyamaza kwanza.

Kisha mgeni mmoja akaipenda picha, akataka kuinunua. Mjukuu wa Bibi alihitaji sare na madaftari, kwa hiyo Bibi akauza. Watoto walinuna siku mbili. Siku ya tatu walikuja na maganda ya mayai, makaa ya kuokota na katoni ya sabuni, kila mmoja akidai yeye ndiye anajua taa zinakaa wapi. Bibi aliwapa gundi, akakaa pembeni. Milima yao imepinda, na mukeke mmoja ni mkubwa kuliko mtumbwi. Lakini hakuna mwezi. Hilo walikumbuka.

Ndugu wasomaji, mwaka ujao nani atakuwa bado hapa, nani amerudi, nani amepelekwa nchi ya tatu, hakuna kati yetu anayejua. Katoni nayo haidumu. Mvua inaivuja na mende wanapenda gundi ile. Lakini mtoto aliyebandika mlima kwa mkono wake anajua uko upande gani wa ziwa, popote atakapopelekwa.

Kwa hiyo mkikata mgomba, shina msitupe, mpeni mtoto. Na akiuliza kwetu kulikuwaje, tusimwambie "utaona siku moja." Tumweleze leo hii: mto uliitwaje, mti gani uliota mlangoni, ndege gani aliamsha watu asubuhi.