Msiiuze Lister ya Igamba kwa kilo

Huku Uingereza injini ya Lister CS ni kipenzi cha wastaafu. Ilianza kutengenezwa karibu na mwaka 1930 huko Dursley, mji mdogo wa Gloucestershire, na leo utaikuta kwenye maonyesho ya mashine za zamani, imepakwa rangi ya kijani, magurudumu yake mawili mazito yakizunguka taratibu. Wachache wameifungia dinamo na inawasha nyumba za mashambani ambako nguzo hazikufika.

Kwetu Igamba, wilayani Mbozi, injini za aina hiyohiyo, nyingi zikiwa nakala zilizotoka Rajkot, India, zimesaga mahindi na kumenya kahawa miaka nenda miaka rudi. Sasa umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika, wenye mashine wanafunga mota, na injini inasubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nasema ibaki, ifungwe dinamo.

Injini hii huzunguka mara 650 kwa dakika, wakati jenereta ndogo za dukani hukimbia mara 3,000. Kwa mwendo huo wa pole chuma hakichakai upesi. Dinamo ya kawaida hutaka mizunguko 1,500 ili itoe hezi 50, sawa na umeme wa TANESCO. Kwa hiyo puli ya injini ikiwa na kipenyo cha sentimita 60, ya dinamo iwe 26. Huku watu huchonga puli kwa kipimo, kisha hurekebisha gavana ya kudhibiti mwendo huku wakisoma mita. Igamba nimemwona fundi akifunga puli iliyokuwepo stoo, akawasha, akatazama balbu: ikififia anaongeza mwendo, iking'aa mno anapunguza. Balbu huvumilia makadirio hayo. Mota ya friji haivumilii.

Lakini fundi huyohuyo ana ujuzi ambao huku unapotea. Ananyanyua valvu, anazungusha hendeli hadi magurudumu yashike kasi, anaiachia valvu, injini inakohoa na kuwaka bila betri. Nozo ikiziba anaifungua, anaiosha kwa dizeli, anaupima mnyunyizo kwa macho na kuirudisha kabla foleni ya madebe haijaanza kunung'unika. Huku mtu huagiza nyingine na kusubiri posta.

Jambo la huku ambalo ningependa lifike Igamba hata leo ni matumizi ya maji ya kupoozea. Sehemu kubwa ya nguvu ya dizeli hupotea kama joto, na wenye injini hizi huku hupitisha maji hayo kwenye mabomba ya kupashia nyumba. Igamba yanachemka kwenye pipa na kupoa bure, halafu alfajiri ya Juni, baridi ya Mbozi ikiuma, akina mama wanachochea kuni ili watoto waoge. Bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa lingepasha maji safi bila kuyachanganya na yale yenye kutu.

Sisemi iwake usiku kucha. Ikibeba mzigo kamili hunywa lita moja na ushee kwa saa, na kila mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei mpya ya dizeli. Kwa taa na chaji ya simu, sola inatosha. Injini iwashwe umeme ukikatika na kazi ipo: kuchomelea, kupampu maji, kuokoa friji ya duka la dawa. Ikizunguka muda mrefu bila mzigo hujaa masizi.

Na kabla waya haujaingia nyumbani, ifungwe swichi ya kubadilishia: ama TANESCO, ama jenereta, kamwe si vyote kwa pamoja. Bila hiyo umeme wako hurudi kwenye nguzo, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi aliyepanda akiamini laini imezimwa anaushika. Huku jenereta ya akiba kama hii hairuhusiwi kuunganishwa bila kinga ya namna hiyo. Nyumbani nimeona waya wenye plagi pande zote mbili ukichomekwa ukutani, watoto wakipita karibu. Ukienda Tunduma kutafuta mkanda wa puli, ulizia na swichi.