Machweo ya Nyota

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Wahenga walitwambia hivyo, wasitwambie mwenye ngoma afanye nini kesho yake, ngozi imeraruka na wachezaji wametawanyika. Swali hilo ndilo alilolichukua Billy Wilder mwaka 1950 katika filamu yake Sunset Boulevard, jina la barabara moja ya Los Angeles ambalo ndani yake mna machweo.

Hadithi inasimuliwa na maiti. Joe Gillis, mwandishi aliyezongwa na madeni, anaelea kwenye bwawa la kuogelea huku akitueleza jinsi alivyofika humo. Alikimbilia kasri la Norma Desmond, malkia wa sinema za zamani zisizo na sauti, ambaye dunia ilimsahau tangu picha zilipoanza kusema. Bibi huyo wa miaka hamsini amejiandikia hadithi ya Salome, naye ndiye wa kuicheza. Joe anaajiriwa kuitengeneza, kisha anakuwa mateka wa nyumba, wa zawadi na wa mapenzi asiyoyataka. Alipotaka kuondoka, alipigwa risasi.

Wilder hakutafuta mbali waigizaji wake. Gloria Swanson, aliyekuwa Norma, alikuwa kweli nyota wa enzi ile ya kimya. Erich von Stroheim, aliyeigiza mtumishi Max, aliwahi kumwongoza Swanson katika Queen Kelly, filamu ambayo hawakuimaliza. Kipande chake ndicho Norma anachojitazama nacho gizani. Buster Keaton naye yumo, ameketi mezani akicheza karata kama kivuli cha nafsi yake.

Lakini moyo wa filamu hii ni Max. Kila siku Norma hupokea barua za mashabiki, na barua zote huandikwa na Max. Zamani alikuwa mwongozaji wake, tena mume wake wa kwanza. Sasa anamfungulia mlango na kumlinda asijue kwamba jua limekuchwa. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na hapo ndipo msomaji anapotatizika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, asifiwaye kwa sifa za kughushi, na mtu ampendaye kuliko wote? Max hakumwua mtu. Hata hivyo, bila ya barua zake huenda bastola ile isingelia.

Jawabu moja liko mbali na Hollywood, Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, penye migomba, mashamba ya chai na mvua isiyochoka kupiga mabati. Mji huu wayajua machweo. Wajerumani waliuita Neu Langenburg na kuufanya makao ya utawala wao. Kisha dhahabu ya Lupa ikaikuza Mbeya, na mji mdogo ukawa mkubwa wa mwenziwe. Mwaka 1986 timu yake, Tukuyu Stars, ambayo wenyewe huiita Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara. Simba na Yanga, pamoja na kishindo chote cha Dar es Salaam, ziliachwa nyuma na nyota za mlimani. Hazikudumu kileleni. Ligi iliendelea na majina mengine, na Banyambala wakateremka.

Tofauti ya Tukuyu na kasri la Norma ni silabi moja: -li-. Tukuyu ilikuwa bingwa. Anayesema hivyo hajidanganyi wala hajidhili. Ameipa fahari wakati wake, na kwa kuwa ni ya wakati wake, hakuna awezaye kumnyang'anya. Norma hana silabi hiyo katika sarufi yake. Kwake kila kitu ni sasa, na Max humhariria kila barua isije ikapenya -li- hata moja. Ndiyo maana mwishoni anateremka ngazi mbele ya kamera za habari, askari wakimngoja, akidhani Salome imeanza kupigwa picha.

Visiwani kwetu nako kuna mfano. Siti binti Saad alifariki Julai 1950, mwezi mmoja kabla ya filamu hii kuonyeshwa New York. Naye alikuwa nyota: mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Uzeeni hakuandikiwa barua za uongo. Alifikiwa na Shaaban Robert, akamsimulia maisha yake, na kwa kalamu ile tukapata Wasifu wa Siti binti Saad. Basi waandishi ni watatu: Max anayeghushi, Joe anayeandika kwa ujira huku akimdharau anayemlipa, na Shaaban aliyeketi akauliza, kisha akasikiliza. Watatu hao wote walishika kalamu mbele ya nyota iliyokuwa ikichwa, na mmoja tu ndiye aliyemwachia mwenyewe kitu cha kubaki.

Vijana waliotwaa ubingwa wa 1986 sasa ni wazee au wako njiani kuwa wazee. Hawahitaji Max. Wanamhitaji mtu wa kupanda mlima na daftari lake, avumilie mvua, aketi nao na kuwauliza ilikuwaje, wakati wa kujibu wangali wanao.