Pamba ni ya Pwani
Alfajiri moja ya Novemba, kaskazini mwa Minnesota nchini Marekani, tuliingia msituni kuwinda kulungu. Nilikuwa nimevaa nguo zangu zote, fulana ya pamba ikigusa mwili. Mwendo ukanitoa jasho. Tulipoketi kuvizia, unyevu ule ukageuka barafu, vidole vikafa ganzi.

“Mwanangu, pamba ni ya Pwani,” alisema mwenyeji wangu, mzee wa Kitanga. Akanivisha fulana yake ya akiba ya sufu, sweta juu yake, kisha koti la kuzuia upepo. Lake zito alikuwa amelibeba mgongoni, akalivaa alipoketi. Juu kabisa tulivaa vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka, kwa sheria ya huko, tusidhaniwe wanyama.

Kulungu hatukumwona, ila nilistahimili hadi adhuhuri.