Mwalimu wa Ngoma Asiye na Bakora

Idd kubwa iliyopita, hapa Indianapolis, tulikaa mkekani nyuma ya nyumba ya jamaa zetu. Pilau ilishapita, watu wanachokonoa meno. Ndipo baba mmoja wa makamo, mtu wa Pangani, akasema neno ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo. Alisema wazungu hawajui kulea. Watoto wao hawamwogopi mtu, mwalimu wanamwita kwa jina lake kama mwenzao, na mtoto asiyechapwa hawezi kumheshimu aliyemfundisha. Wanaume wakaitikia, "Kweli kabisa, mzee." Mimi nilikuwa na sinia la vyombo mikononi. Nikaingia nalo jikoni, nikaosha sahani kwa hasira mpaka mwenye nyumba akaniuliza kulikoni.

Kulikuwa na hili: siku mbili kabla ya Idd nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja wa shule moja, jua la Juni linachoma utosi, nikiwatazama vijana tisa waliojipanga mstari mmoja na ngoma tumboni. Mmoja wao ni binti yangu. Walikuwa wakipiga mapigo manane kwa mkono wa kulia, manane kwa mkono wa kushoto, manane kulia, manane kushoto. Hakuna wimbo, hakuna madaha. Walipiga hivyo kwa saa moja na dakika kumi, nilitazama saa. Mbele yao alisimama mzee wa miaka sitini na ushei, kofia ya ukili kichwani, hana filimbi, na mikwiro yake miwili ameibana kwapani. Kila wakimaliza alikuwa na neno moja tu: "Tena." Hakuna kijana aliyevuta midomo. Hakuna aliyeondoka.

Binti yangu ana miaka 18, na hiki ndicho kiangazi chake cha kwanza katika hivi vikosi vya ngoma na matarumbeta. Ngoja niwape picha. Kuna chama kinaitwa Drum Corps International. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, na siku hizi fainali huwa hapa hapa kwetu, Lucas Oil Stadium, kila Agosti. Vijana wengi ni wa miaka 21 kushuka chini. Mwezi wa tano wanahama nyumbani. Wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, wanakula chakula kinachopikwa kwenye lori, usiku wanasafiri kwa basi, mchana kutwa wako uwanjani. Yote hayo ni kwa ajili ya onyesho moja lisilozidi dakika kumi na mbili au tatu, na kwa hilo mzazi analipa maelfu ya dola. Kaka yangu aliposikia bei alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Sitaurudia hapa.

Sifichi kwamba nilisimama pale uwanjani kwa wasiwasi. Mwaka 2018 kashfa ya unyanyasaji wa kingono ilimwangusha mkurugenzi wa mojawapo ya vikosi vikongwe vya nchi hii, na mzazi mwenye akili zake hamwachi mtoto getini akaondoka. Nilitaka kumwona huyo mwalimu ambaye kila jioni binti yangu alikuwa akimtaja kwenye simu kwa sauti ya mtu anayemtaja babu yake.

Karibu saa tano asubuhi mzee akanyoosha kiganja, mstari mzima ukanyamaza. Akamwendea binti yangu. Moyo ukanipasuka. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la sita, na nyinyi mnamkumbuka wa kwenu. Mzee akapiga goti kwenye nyasi, macho yake yakawa sawasawa na uso wa ngoma, akamwambia apige peke yake. Akapiga.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mkono wa kushoto unachelewa."

"Kwa nini unachelewa?"

Hapo hakuwa na jibu. Mzee akachomoa mkwiro kwapani, akaushika kwa kushoto namna yao ya zamani: mkwiro umelala kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, kiganja kimegeuka juu kidogo kama cha mtu anayepokea chenji. Akazungusha kifundo polepole, kama mtu anayefungua kitasa usiku watu wamelala. Kisha akamwonyesha kosa. Kidole gumba cha binti yangu kilikuwa kinaachia mkwiro kila unapopanda, kwa nafasi isiyozidi unene wa sarafu. Hakumgusa. Hakupaza sauti. Alisema, "Kidole hicho kinakula muda wako," akajipangusa goti, akarudi mahali pake.

"Tena."

Dakika 40 nyingine.

Ukali wa namna hiyo sikuwahi kuuona shuleni. Hizi ngoma zao ndogo, zile zenye nyuzi chini, zimewambwa kwa Kevlar, nyuzi zile zile za fulana za kuzuia risasi, na zimekazwa mpaka zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ngozi iliyokazwa hivyo haifichi kitu. Wakichelewana hata kwa nukta, sikio linasikia mchanga badala ya pigo. Kwa hiyo mzee anapima kila kitu. Mkwiro unapanda inchi 3, au 6, au 9, au 12, na anayepandisha saba anaambiwa saba. Hatua ni nane kwa kila yadi 5, yaani kama sentimita 57 kila hatua, miguu inakwenda huku mikono inafanya mambo mengine kabisa. Na kila anayekosea anaambiwa amekosea wapi, kwa nini, na afanyeje. Kisha anaachiwa kazi hiyo iwe yake.

Mtu wa Pangani angekuwepo angeona heshima. Nilipoondoka, kijana mmoja mrefu ambaye alikuwa ameambiwa "tena" kuliko wote alikuwa akimkimbilia mzee na chupa ya maji.

Lakini nisiwe kama wale wanaofika Ulaya au Marekani wakaona kila cha kwetu ni giza. Maana nilipokuwa pale nilimwona mtu mwingine ndani ya yule mzee. Nilimwona mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, Tanga, na mwisho wa wiki alipiga ngoma kwenye kundi la matarumbeta ya harusi. Jioni aliwafundisha vijana chini ya mwembe wa uani. Zile ngoma za kizungu za kundi zilikuwa na nailoni, ila yeye alianza kumfundisha kila mtu kwa chapuo na vumi za ngozi. Alisema mkono usioijua ngozi hautajua kitu kingine. Mimi nilikuwa mtoto wa kike, kupiga sikuruhusiwa. Kazi yangu ilikuwa moto. "Mjomba, lete makuti," ataniambia, nami nitaleta, nitawasha, na yeye atazizungusha ngoma karibu na ule moto, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anageuza, anagonga tena, mpaka ngozi iliyolowa umande ianze kulia. Harufu ile ya ngozi inayopata moto ninayo puani mpaka leo.

Mjomba hakuwahi kumpiga mtu. Hili ndilo ningemwambia yule baba wa Pangani, nisingekuwa na lile sinia mikononi. Siku moja kijana aliyekuwa akipiga chapuo alikuwa na papara, anakimbia mbele ya wenzake ili wasichana waliokuwa ukutani wamwone. Mjomba aliondoa mikono kwenye vumi. Aliiondoa tu. Mlio mzito uliokuwa umebeba kila kitu ukatoweka, na sote, hata sisi watoto, tukasikia shimo. Akawasha sigara, akatazama barabarani. Kijana akaendelea kidogo, akapungua, akanyamaza. Kimya. Sigara ikafika nusu. Mwishowe kijana akasema, "Nimekosa, fundi." Mjomba akaizima sigara, akarudisha mikono. Hakuna aliyekimbia tena jioni ile.

Wala hakuwahi kumwambia mtu kwamba ana kipaji. Sisi tunalipenda sana neno hilo. Mtoto akiimba vizuri ana kipaji, akicheza mpira ana kipaji, tukishasema hivyo tumemaliza, hakuna anayemwambia arudie. Mjomba alikuwa na maneno yake mawili: mkono haujaiva, na mkono umeiva. La pili nililisikia mara mbili katika utoto wangu wote.

Tofauti na yule mzee wa Indiana ni kwamba mjomba hakueleza. Ukimuuliza "kwa nini" alikuona huna macho. "Angalia mkono," basi. Waliojifunza kwake walijifunza kwa kuiba kwa macho, na mimi niliyekuwa nashika makuti niliiba vingi kuliko alivyojua. Waliochelewa kuiba waliachwa njiani, na pengine walikuwamo wenye mikono mizuri.

Kwa hiyo bakora haikutoka kwa mafundi wetu wa ngoma. Bibi yangu alikuwa bado anatutishia kwa "hamsa ishirini", vile viboko 25 vya Mjerumani, miaka mingi baada ya Mjerumani mwenyewe kuondoka. Hiyo ni mada ndefu, nitairudia siku nyingine. Ila inanishangaza kwamba enzi hiyo hiyo ya gwaride la wakoloni ndiyo iliyotupa ngoma ya beni. Watu wa Lamu na Mombasa walizisikia bendi za wanajeshi wa kizungu, wakazigeuza ngoma yao tangu miaka ya 1890. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaandika katika kitabu chake cha 1975: makundi ya Marini na Arinoti, yenye vyeo vya kijeshi, yakishindana mji kwa mji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani nao walifanya jambo la jirani na hilo. Wanajeshi waliorudi kutoka vitani, kupitia chama chao cha American Legion, walifadhili vikosi vya ngoma, na mashindano ya vijana ya leo yana mizizi humo. Binti yangu anadhani amejiunga na jambo la Kimarekani. Nimemwambia babu wa babu yake angeielewa ile sare.

Ujumbe wa kaka yangu, nilisema sitaurudia, lakini sehemu moja lazima niitaje. Alisema mtoto wa kike na ngoma, wapi na wapi. Jirani yangu Mrundi alicheka kwa uchungu nilipomsimulia. Kwao ngoma za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na mwaka 2017 ikatoka amri ya rais kwamba wanawake wasizipige. Yeye alizipiga akiwa msichana. Sikumjibu kaka yangu. Nilimtumia video ya binti yangu akipiga, nimemkata kichwa, inaonekana mikono tu. Akajibu, "Huyo kijana mkono umeiva." Nimeuhifadhi ujumbe huo.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Kila Agosti kikosi chenye ngoma bora kwenye mashindano ya ubingwa hupewa tuzo yenye jina la Fred Sanford, mwalimu na mtungaji wa mapigo wa kikosi cha Santa Clara Vanguard cha California miaka ya 1970. Mwalimu wa binti yangu alifundishwa na mtu aliyepiga chini ya Sanford, na analisema hilo kama maalimu anavyotaja silsila yake: nimesoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani. Mapigo yao ya msingi ni 40. Yaliwekwa kwenye orodha moja na Percussive Arts Society mwaka 1984, yana majina, yana maandishi, mtoto wa Japani na wa Indiana wanapiga kitu kile kile. Kulia, kushoto, kulia, kulia. Kushoto, kulia, kushoto, kushoto: pigo hilo mjomba alikuwa nalo. Nilimwona nalo kwa macho yangu. Aliliita kwa mdomo tu, na jina hilo nimelisahau.

Mjomba alifariki Tanga wakati wa mvua za El Niño za 1997. Malipo yake kwa kufundisha yalikuwa kilo ya sukari, na shukrani.

Juzi binti yangu alimsimulia mwalimu wake habari za mjomba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nionyeshe mikono yake." Binti akanipigia simu usiku: "Mama, tuna picha yoyote ya babu akipiga?" Nimetafuta. Tuna moja ya kitambulisho, kifua na uso.

Basi, msomaji, kama wewe au wazazi wako mlioana Tanga kabla ya mvua zile, na harusi ilikuwa na matarumbeta, na kanda ya video bado ipo chini ya kabati, itazame. Usimtazame biarusi, tazama nyuma yake, upande wa kushoto wa ngoma kubwa. Mwanamume mwembamba mwenye kofia ya vito, shati limefunguliwa vifungo viwili, chapuo limening'inia begani, jicho moja halifunguki vizuri. Ukimwona, niandikie. Hata kama ni sekunde kumi tu, mradi mikono inaonekana.